Kupunguza Hewa Ukaa Katika Majengo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Wazo la Kujenga Hadi Siku ya Kubomoa

Majengo na kazi za ujenzi huchangia takriban theluthi moja ya hewa ukaa yote inayotokana na matumizi ya nishati na shughuli za viwanda duniani. Sehemu kubwa hutoka kila siku jengo linapotumika, kwa umeme wa taa na viyoyozi, kwa gesi au mafuta ya kupashia joto vyumba na maji. Sehemu nyingine huwa imekwisha kutoka kabla mtu wa kwanza hajaingia ndani, kwa sababu ilitoka katika tanuri la saruji, katika kiwanda cha nondo, katika malori yaliyobeba kokoto na katika mashine zilizochimba msingi. Katika mwongozo huu sehemu ya kwanza itaitwa hewa ukaa ya matumizi, na ya pili hewa ukaa ya ujenzi.

Tofauti ya sehemu hizi mbili ndiyo inayopanga hatua zote zinazofuata. Hewa ukaa ya matumizi inaweza kupunguzwa miaka kumi baadaye, kwa kubadili mitambo, kuziba nyufa au kupata umeme safi zaidi. Hewa ukaa ya ujenzi haina nafasi ya pili, kwa kuwa ikishatoka imetoka, na hakuna paneli ya jua itakayoirudisha tanurini. Kwa hiyo maamuzi ya mwanzo kabisa, yanayofanywa wakati bado hakuna hata mchoro mmoja, ndiyo yenye uzito kuliko yote, na inasikitisha kwamba mara nyingi hayo ndiyo yanayofanywa bila hesabu yoyote.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni lazima kujenga upya

Katika majengo mengi, msingi, nguzo na slebu (sakafu za zege za kila ghorofa) hubeba zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya ujenzi. Mtu anayebomoa jengo lenye mifupa mizima na kujenga jingine mahali hapo hapo hulipa gharama hiyo mara ya pili, ilhali kilichomchosha katika jengo la zamani pengine kilikuwa madirisha, mpangilio wa vyumba, mabomba au sura ya nje tu. Mambo hayo yote yanaweza kubadilishwa bila kugusa nguzo.

Mfano unaostahili kuangaliwa uko Bordeaux, Ufaransa, katika mtaa wa Grand Parc. Nyumba 530 za kupanga, zilizojengwa miaka ya 1960, zilifanyiwa ukarabati mkubwa badala ya kubomolewa. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na wenzao Frédéric Druot na Christophe Hutin, waliongeza vibaraza vipana vyenye vioo upande wa nje, vikapanua kila nyumba na kuikinga dhidi ya baridi, huku wakazi wakiendelea kuishi humo. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2017. Lacaton na Vassal walipata tuzo ya Pritzker, tuzo maarufu ya usanifu majengo, mwaka 2021, na msimamo wao wa kutobomoa ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosifiwa.

Ili uamue kwa haki, mwombe mhandisi wa miundo akague jengo lililopo kabla msanifu hajaanza kuchora kitu kipya. Ukaguzi mzuri huanza na kutafuta michoro ya zamani, kisha hupima mahali nondo zilipo na unene wake, na hutoa vipande vya duara vya zege ili vikavunjwe maabara na nguvu yake ijulikane. Kuna pia jaribio rahisi linaloeleza mengi: zege huvunjwa kidogo, kisha sehemu mpya iliyofunuka hupuliziwa kimiminika cha fenolftalini. Zege ambalo bado lina alikali ya kutosha kuzilinda nondo hugeuka rangi ya waridi iliyokolea, na lile lililokwisha kuchoshwa na hewa hubaki na rangi yake. Mhandisi hupima kwa rula kina cha sehemu isiyobadilika rangi, akakilinganisha na kina cha nondo. Ikiwa waridi inaanza milimita kadhaa kabla ya kuzifikia nondo, mifupa ya jengo hilo bado ina miaka mingi ya kuishi, ingawa ripu ya nje inaonekana imechakaa kabisa.

Wapo watakaosema kwamba jengo jipya litatumia umeme kidogo zaidi na hivyo litafidia. Hoja hiyo inaweza kuwa kweli, lakini lazima iwekwe kwenye namba, na namba hizo zilinganishe jengo jipya na jengo la zamani lililokarabatiwa vizuri. Kulilinganisha na jengo la zamani lililoachwa jinsi lilivyo ni kuipendelea njia moja kabla ya kuanza.

Hatua ya pili: weka kikomo cha hewa ukaa kama unavyoweka kikomo cha fedha

Hakuna mwenye akili timamu anayeanza kujenga bila kujua ana fedha kiasi gani. Hewa ukaa inahitaji nidhamu hiyo hiyo: namba moja iliyoandikwa, inayojulikana na mmiliki, msanifu, mhandisi, mkadiriaji majenzi na mkandarasi, na inayopimwa upya kila michoro inapobadilika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua kiasi cha kila kifaa kutoka katika mchanganuo wa vifaa na gharama, unakizidisha kwa kiwango cha hewa ukaa kwa kila kilo au kila mita ya ujazo, kisha unajumlisha. Kiwango hicho hupatikana katika tamko la mazingira la bidhaa, hati inayotolewa na kiwanda na kuhakikiwa na mtu wa nje kwa kufuata viwango kama EN 15804 au ISO 21930. Pale ambapo kiwanda hakina tamko, tumia wastani wa takwimu za kuaminika, ukiandika wazi kwamba ni wastani.

Kiwango cha Ulaya cha EN 15978 kimegawa maisha ya jengo kwa herufi, na inafaa kuzizoea kwa sababu hati nyingi huzitumia. A1 hadi A3 ni uchimbaji wa malighafi na kazi ya kiwandani, A4 ni usafirishaji, A5 ni kazi ya saiti. B ni kipindi chote cha matumizi, ikiwa ni pamoja na matengenezo na nishati. C ni kubomoa na kutupa. D ni faida inayoweza kupatikana nje ya jengo, kwa mfano chuma kikitumika tena, nayo huandikwa peke yake bila kuchanganywa na jumla.

Makosa matatu hujitokeza sana katika hesabu hizi. La kwanza ni kuhesabu A1 hadi A3 tu na kuliita jibu kamili. La pili ni kupunguza D kutoka kwenye jumla, yaani kujipa leo sifa ya jambo litakalotokea, au lisitokee, miaka sitini ijayo. La tatu ni kulinganisha kilo ya kifaa kimoja na kilo ya kingine. Kilo moja ya zege ina hewa ukaa ndogo sana ikilinganishwa na kilo moja ya chuma, lakini hakuna anayejenga kwa kilo. Linganisha boriti kwa boriti inayobeba mzigo ule ule kwa umbali ule ule, au ukuta kwa ukuta wenye kinga ile ile ya joto.

Kama huna kikomo cha kisheria mahali ulipo, unaweza kuangalia walioanza. Denmark iliweka mwaka 2023 kikomo cha kilo 12 za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, ikihesabiwa kwa miaka 50, kwa majengo mapya yenye zaidi ya mita za mraba 1,000, na mwaka 2025 ikakaza kikomo hicho na kukipanua kwa majengo mengi zaidi. Ufaransa ilianza mwaka 2022 kutumia kanuni zake za RE2020, zinazopima ujenzi na matumizi kwa pamoja.

Kununua hati za kufidia hewa ukaa sikukuweka kama hatua katika mwongozo huu. Anayetaka kufanya hivyo afanye baada ya kumaliza yote yaliyomo humu, na asiiandike fidia hiyo ndani ya hesabu ya jengo.

Hatua ya tatu: punguza ukubwa na uzito kabla ya kubadili vifaa

Chumba kisichohitajika hakina kifaa safi cha kukijengea. Pitia orodha ya mahitaji na ujiulize ni vyumba gani vinaweza kutumika kwa kazi mbili, ni korido zipi zinaweza kufupishwa, na kama maegesho ya chini ya ardhi ni ya lazima. Sakafu za chini ya ardhi ni ghali mno kwa hewa ukaa, kwa kuwa zinahitaji kuta nene za kuzuia udongo na maji, uchimbaji mwingi na malori ya kubeba kifusi.

Baada ya hapo, tazama umbali kati ya nguzo. Nguvu ya kupinda ndani ya boriti huongezeka kwa kipeo cha pili cha umbali huo, na kule kunepa katikati huongezeka kwa kipeo cha nne. Ukiongeza umbali mara mbili kwa mzigo ule ule wa kila mita, boriti hulazimika kuhimili kupinda mara nne zaidi, na isipoongezwa unene itanepa mara kumi na sita. Ndiyo sababu ukumbi wenye nguzo za mita sita au saba hutumia zege na chuma kidogo sana kuliko ule wa mita kumi na mbili, na mara nyingi mtumiaji haoni tofauti yoyote katika maisha yake ya kila siku. Nguzo zipangwe pia zishuke moja kwa moja kutoka juu hadi kwenye msingi. Nguzo inayokatwa katikati ya jengo ili kuacha nafasi chini yake hudai boriti kubwa ya kuhamisha mzigo, na boriti moja ya namna hiyo inaweza kula akiba yote iliyopatikana kwingineko.

Kisha mhimize mhandisi akate ziada. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulipima maelfu ya boriti za chuma katika majengo 23 na kukuta kwamba, kwa wastani, boriti hizo zilitumia chini ya nusu ya uwezo wake. Ziada hiyo haikuwa kinga ya usalama, kwa sababu kinga ya usalama ilikuwa imekwisha kuwekwa katika kanuni. Ilitokana na kurudia boriti ya aina moja kila mahali ili kazi ya kuchora na kuagiza iwe rahisi. Mwulize mhandisi wako swali moja la wazi: kila boriti na kila slebu imetumia asilimia ngapi ya uwezo wake? Akikupa jedwali la majibu, mko kwenye njia sahihi, na akikosa la kukupa, mpe muda na malipo ya kulitengeneza, kwani kazi hiyo ya mezani ni nafuu kuliko tani za chuma zisizohitajika.

Hatua ya nne: shughulikia zege kwa makini kuliko kifaa kingine chochote

Saruji peke yake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu. Sababu iko katika kemia yake. Ili kupata klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji, mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo katika tanuri linalofikia takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi. Njiani mawe hayo huachana na hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, na hiyo peke yake ni takriban asilimia 60 ya jumla, huku asilimia 40 iliyobaki ikitokana na mafuta ya kuchomea na umeme wa kusagia. Maana yake ni kwamba hata tanuri likichomwa kwa nishati safi kabisa, zaidi ya nusu ya tatizo itabaki pale pale. Njia ya uhakika iliyo mikononi mwa anayejenga ni kutumia klinka kidogo zaidi.

Tuchukue slebu moja kama mfano. Ina mita za mraba 1,000, unene wa milimita 250, na zege lenye kilo 380 za saruji kwa kila mita ya ujazo. Ujazo wake ni mita 250, saruji ni tani 95, na ikiwa ni saruji ya klinka karibu tupu yenye kiwango cha tani 0.85 za hewa ukaa kwa tani moja, jumla ni takriban tani 81. Mhandisi akiipitia upya na kuona kwamba milimita 220 zinatosha, tani hizo hushuka hadi 71. Mchanganyiko ukipangwa vizuri ili kilo 320 za saruji zitoe nguvu ile ile, zinabaki 60. Saruji ikibadilishwa kwa ile yenye hewa ukaa pungufu kwa asilimia 40, zinabaki 36. Maamuzi matatu, hakuna hata moja la ajabu, yameondoa zaidi ya nusu, na hiyo ni slebu moja ya ghorofa moja.

Uamuzi wa kupunguza kilo za saruji unahitaji maelezo, kwa sababu unagusa tabia za saiti. Fundi anayeona zege ni zito na halitiririki kati ya nondo huongeza maji. Zege hulainika na kazi huenda haraka, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu vingi vidogo, na nguvu hupungua. Kwa kulijua hilo, mhandisi hujikinga kwa kuagiza saruji nyingi kupita kiasi, na hivyo jengo zima hubeba tani za saruji zilizowekwa kwa ajili ya ndoo za maji ambazo hazikupaswa kuongezwa. Tiba yake ni kutumia kemikali ya kulainisha zege, kokoto na mchanga wenye chembe za ukubwa mbalimbali zinazojazana vizuri, na kipimo cha koni kwa kila shehena. Koni ya chuma yenye urefu wa milimita 300 hujazwa zege kwa tabaka tatu, kila tabaka likichomwachomwa kwa fimbo, kisha huinuliwa polepole, na kiasi ambacho lundo la zege limeshuka hupimwa kwa rula. Kikivuka kilichoandikwa kwenye mkataba, shehena hurudishwa. Msimamizi asiyekuwa na ujasiri wa kurudisha lori moja hana njia ya kuilinda hesabu yake ya hewa ukaa.

Kuhusu aina ya saruji, vibadala vya klinka vinavyojulikana zaidi ni slagi iliyosagwa, yaani mabaki ya matanuri ya chuma, majivu laini ya mitambo ya makaa ya mawe, pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano yaliyosagwa, na udongo mfinyanzi uliochomwa. Slagi inaweza kuchukua nafasi ya nusu ya klinka au zaidi na bado zege likawa imara, hasa kwenye msingi. Hata hivyo, slagi bora duniani ni chache na karibu yote tayari ina wanunuzi, hivyo anayeiagiza kutoka mbali huenda akawa anaihamisha tu kutoka kwa mwingine. Kwa maoni yangu, tumaini kubwa zaidi liko katika saruji ya LC3, iliyoendelezwa na watafiti wa Uswisi, Kuba na India. Katika mchanganyiko wake wa kawaida klinka ni asilimia 50 tu, udongo mfinyanzi uliochomwa ni 30, mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa ni 15, na jasi ni 5. Udongo huo huchomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, chini sana ya joto la klinka, nao haufungui hewa ukaa kama mawe ya chokaa yafanyavyo. Hewa ukaa hupungua kwa takriban asilimia 40, na malighafi yake ni tele.

Mchanganyiko wenye klinka kidogo mara nyingi hukomaa polepole, kwa hiyo ratiba lazima ibadilike pamoja nao. Badala ya kudai nguvu kamili siku ya 28 kwa kila sehemu, andika siku ya 56 kwa msingi na nguzo za chini, ambazo hazitabeba mzigo wake wote mpaka ghorofa za juu zikamilike. Mbao za kufungia zege zikae muda mrefu kidogo, na zege limwagiliwe maji au lifunikwe kwa angalau siku saba. Zege lenye vibadala linaloachwa likauke mapema hupoteza zaidi kuliko zege la kawaida.

Hatua ya tano: chuma, aluminiamu, mbao na tofali

Chuma kinachotoka katika tanuri la makaa hubeba takriban tani mbili za hewa ukaa kwa kila tani. Kile kinachoyeyushwa kutoka katika vyuma chakavu kwa tanuri la umeme hubeba kiasi kidogo zaidi, hasa umeme wenyewe ukiwa safi. Andika katika zabuni kiwango cha juu cha hewa ukaa kwa kila tani ya nondo na boriti, uombe tamko la mazingira, na umwachie msambazaji atafute njia ya kukifikia. Palipo na boriti zilizotolewa katika jengo lililofunguliwa, zipime na uzitumie tena, kwa kuwa hakuna chuma chenye hewa ukaa ndogo kuliko kisichoyeyushwa kabisa. Aluminiamu mpya hula umeme mwingi sana. Iliyorejelezwa huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Fremu za madirisha ni mahali pazuri pa kulikumbuka hilo.

Mbao zinastahili sifa zake, kwa masharti. Takriban nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka angani, na tani moja ya mbao kavu huhifadhi kiasi cha tani 1.8 za hewa ukaa. Hifadhi hiyo ina maana pale tu msitu unapopandwa upya na kukua angalau kwa kasi ya ukataji, na mbao zinapokaa katika jengo kwa miongo mingi. Mbao zilizovunwa ovyo kutoka katika msitu wa asili zinaweza kuwa na madhara makubwa kuliko zege. Jengo la Mjøstårnet nchini Norway, lililokamilika mwaka 2019 likiwa na urefu wa mita 85.4, limesimama juu ya nguzo na boriti za mbao zilizogundishwa, lakini sakafu za ghorofa za juu ni za zege ili uzito wake upunguze kuyumba kwa upepo. Kila kifaa kiwekwe pale kinapofanya kazi yake vizuri zaidi.

Kwa kuta zisizobeba mzigo mkubwa, tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine na kuchanganywa na saruji asilimia 5 hadi 8 huepuka uchomaji kabisa. Saruji ikiongezwa kupita kiasi hicho, faida huyeyuka.

Hatua ya sita: saiti

Sehemu hii ni ndogo ikilinganishwa na zilizotangulia, ila ni rahisi kuidhibiti. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo jenereta kubwa inayonguruma kutwa nzima ikiwasha taa chache ni hasara ya kila namna. Omba umeme wa gridi mapema, kabla uchimbaji haujaanza. Agiza vifaa kwa vipimo vilivyokatwa tayari, hifadhi saruji mahali pakavu, na weka kumbukumbu ya kila kinachotupwa kwa uzito wake. Mabaki yasiyopimwa hayapungui.

Hatua ya saba: gamba la jengo kwanza, mitambo baadaye

Nishati iliyo nafuu zaidi kuisafisha ni ile isiyohitajika. Kabla ya kuchagua kiyoyozi au mtambo wa kupashia joto, elekeza jengo vizuri na uamue ukubwa wa madirisha kwa kila upande. Vioo vinavyotazama mashariki na magharibi hupigwa na jua la pembeni ambalo upenu wa juu hauwezi kulizuia, kwa hiyo vipunguzwe au vikingwe kwa vizuizi vya wima vilivyo nje ya kioo. Pazia la ndani huzuia mwanga tu, kwani joto huwa limekwisha kuingia. Katika maeneo ya joto, paa la rangi nyeupe lenye kinga chini yake hupunguza kazi ya kiyoyozi, na feni ya dari humwezesha mtu kuridhika katika chumba chenye joto la juu kidogo.

Katika maeneo ya baridi, kinga ya joto iendelee bila kukatika kuzunguka jengo zima, na nyufa zizibwe. Kiwango cha Passivhaus, cha majengo yanayohitaji joto kidogo sana, kilichoanza kwa nyumba za majaribio huko Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991, kinadai kwamba hewa inayopenya isizidi mara 0.6 ya ujazo wa jengo kwa saa, kwa shinikizo la paskali 50, na mahitaji ya joto yasizidi kilowati-saa 15 kwa mita ya mraba kwa mwaka. Kipimo hufanywa kwa feni kubwa inayofungwa mlangoni, na kifanyike kabla ya kupiga plasta ya mwisho, wakati mafundi bado wanaweza kufika penye tundu. Jengo lililozibwa hivyo lazima lipewe mfumo wa kuingiza hewa safi, la sivyo unyevu utakaa kwenye kuta.

Kwa kupashia joto, pampu ya joto, yaani mtambo unaovuta joto kutoka nje na kulileta ndani, ikipangwa vizuri hutoa takriban vipimo vitatu hadi vinne vya joto kwa kila kipimo kimoja cha umeme, na ndiyo njia ninayoipendekeza badala ya boila ya gesi katika karibu kila jengo jipya. Paneli za jua zifuate baada ya hapo, kwa ukubwa unaolingana na mahitaji yaliyokwisha kupunguzwa.

Kuna jambo moja ambalo wajenzi wengi hulisahau, nalo ni gesi ya kupoozea iliyomo ndani ya viyoyozi na pampu zenyewe. Gesi ya R-410A, ambayo imetumika sana, ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 2,088 ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Mfumo ukivuja kilo 10, ni sawa na kutoa takriban tani 21 za hewa ukaa, ambayo ni zaidi ya nusu ya slebu yetu iliyopunguzwa. R-32 iko katika 675, na propani, yaani R-290, iko chini sana ila inawaka moto na inahitaji fundi aliyefunzwa. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, yaliyofanyiwa Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni, yanazitaka nchi zipunguze hatua kwa hatua gesi za aina ya HFC, kundi ambamo R-410A na R-32 zimo. Wewe unaweza kutangulia: chagua gesi yenye namba ndogo, fupisha mabomba, panga ukaguzi wa uvujaji kila mwaka, na andika katika mkataba kwamba gesi ya mfumo wa zamani itavutwa kwenye mtungi badala ya kuachiwa hewani.

Hatua ya nane: endesha jengo kama lilivyokusudiwa

Mitambo mingi hukabidhiwa ikiwa imewashwa tu, bila kurekebishwa. Dai majaribio ya kila mfumo kabla ya makabidhiano, na mengine baada ya mwaka mmoja, jengo likiwa limepitia misimu yote.

Kisha soma mita. Chukua takwimu za umeme za kila nusu saa kwa wiki moja na uzichore kwenye grafu. Tazama saa nane usiku. Jengo la ofisi lisilo na mtu linapaswa kutumia sehemu ndogo ya umeme wa mchana, na likikutwa linatumia nusu yake, kuna kitu kinachozunguka bila sababu: feni za hewa zisizo na ratiba, pampu ya maji ya moto, taa za ngazi, au kiyoyozi cha ukumbi kinachopigana na hita ya chumba cha jirani. Zima kimoja baada ya kingine huku mtu mwingine akiangalia mita, na uandike kila kimoja kimepunguza kilowati ngapi. Kazi hii hufanywa jioni moja tu, haihitaji kununua kifaa kipya, na kwa uzoefu wa wasimamizi wengi huwa na matunda ya haraka kuliko mradi wowote wa mamilioni.

Hatua ya tisa: jenga kwa namna itakayofunguka

Boriti zilizofungwa kwa bolti hufunguliwa na kutumika tena, ilhali zilizochomelewa hukatwa na kuishia kuyeyushwa. Tofali zilizojengwa kwa udongo wa chokaa husafishika na kurudi ukutani. Zile za saruji ngumu huvunjika kabla saruji haijaachia. Mabomba na nyaya zisifukiwe ndani ya slebu, kwa kuwa hudumu muda mfupi kuliko zege, na siku ya kuzibadilisha zege ndilo litakalovunjwa.

Hifadhi pamoja na hati ya umiliki faili moja lenye michoro ya jinsi jengo lilivyojengwa kweli, daraja la kila boriti na kila shehena ya zege, matokeo ya majaribio ya maabara, matamko ya mazingira, na aina na uzito wa gesi iliyomo katika kila kiyoyozi. Piga pia chapa ya daraja la chuma juu ya boriti yenyewe, mahali ambapo rangi haitaifunika, ili mhandisi atakayekuja kukagua aweze kuisoma hata kama faili limepotea.